Usiuache Mkate Kabla ya Kupimwa

Ghorofani, juu ya tanuri la mikate
Jumanne, tarehe 9

Mpendwa Shangazi,

Hapana, usiuache mkate! Nilikosea. Juzi kwenye simu nilikupigia kelele, "Acha ngano leo leo!" halafu chaji ikaniishia, na tangu hapo roho yangu haijatulia. Jana daktari alinisahihisha: mtu akiacha ngano kabla ya kupimwa, damu huweza kuonekana safi na ugonjwa ukajificha. Basi kula kama ulivyozoea mpaka upimwe. Nilikutumia ujumbe mfupi, lakini nakujua, ujumbe unasubiri miwani, na miwani inasubiri itafutwe. Kukupigia tena nimeona aibu, maana simu yako haisikiki bila spika, na mafundi wenzako wote wangezijua habari za tumbo lako na langu kabla ya saa nne asubuhi. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sasa nipumue. Shikamoo Shangazi wangu. Umeamkaje? Kizunguzungu kimepungua? Miguu bado inakufa ganzi ukikanyaga cherehani? Niambie ukweli, usinijibu lile jibu lako la "namshukuru Mungu" ambalo halina habari ndani. Mimi sijambo, tena sijambo ya kweli, ya mtu anayeamka asubuhi bila kushika tumbo.

Na ndoa, Shangazi! Ina miezi minne na bado nikisikia viatu vyake ngazini najitazama kwenye kioo. Wenzake kazini humwita Hamira, kwa sababu akicheka mashavu yanaumuka. Hukumwona siku ya harusi, kwa hiyo nakuchorea: mrefu, mikono mikubwa, nyusi nyeupe za unga kama babu wa miaka tisini, na macho ya mtoto. Hajawahi kuniita kwa jina langu tangu tuoane. Ananiita "wa kwanza."

Jina hilo lina sababu yake. Hapa kwenye tanuri wana desturi kwamba mkate wa kwanza kutoka hauuzwi. Mwokaji huumega ungali moto na kumpa mtu wake. Kila alfajiri aliupandisha ghorofani kwa mikono yote miwili kama anabeba kifaranga, akaumega, akanipa kile kipande cha ukoko cha mwisho ambacho mimi nakipenda. Asubuhi gani sikuzaliwa upya? Nilikula, yeye akinitazama.

Kumbe ndicho kilichokuwa kinanimaliza.

Nyumbani kwetu mkate ulikuwa wa nadra, unakumbuka, na tumbo langu lilinisumbua mara mojamoja tu. Huku nikawa naula kila siku. Wiki ya tatu tumbo likaanza kujaa kama ngoma. Likafuata kuharisha, kutapika, na uchovu wa kunifanya nikae kwenye ngazi ya katikati nisijue nilikuwa napanda au nashuka. Nilimficha. Ningemwambiaje mtu anayekuletea mkate kwa mikono miwili kwamba unakutapisha? Ningeona kama namkataa yeye.

Mama mkwe ndiye aliyeniona kwanza, nimeinama kwenye karo. Alipiga kigelegele kimoja mpaka chini wakasimamisha kukanda. Bibi arusi anatapika, kuna lipi lingine? Jioni ile akanunua sufu, akaanza kufuma soksi. Shangazi, soksi ndogo kama dole gumba langu! Na mimi nikaamini. Nilitembea siku tatu mkono tumboni, nikitabasamu peke yangu. Kisha kipimo kikasema hakuna kitu. Nililia, na mama mkwe akalia, halafu akafuta uso akasema, "Soksi hazichachi, mwanangu. Zitamngoja mwenyewe." Tangu siku hiyo nampenda kama niliyetoka tumboni mwake.

Tukaanza safari ya dawa. Muuza duka la dawa alisema amiba, nikameza. Zahanati ya jirani wakasema taifodi, nikachomwa sindano siku tano. Wifi yangu akasema minyoo, maana kwake kila kitu ni minyoo, hata huzuni. Mwingine akasema vidonda vya tumbo, niache pilipili. Sikuwalaumu, hayo ndiyo maradhi wanayoyaona kila siku, na dalili zinafanana kama mapacha. Lakini kila dawa ilipokwisha, tumbo lilikuwa palepale. Na Hamira wangu, maskini, nilipozidiwa alikuwa akinilowekea mkate kwenye maziwa ya moto ili tumbo lipate kitu laini. Ananipuliza, ananilisha kwa kijiko. Nilipungua kilo saba.

Mwishowe tukapelekwa hospitali kubwa, kwa daktari mmoja mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Hakuandika dawa. Aliuliza tu, "Kwenu nani mwingine ana tumbo kama hili?"

Shangazi, nilikuona wewe. Nilikuona ukiinuka mezani kabla ya wote, ukisema umeshiba. Nikaona ule ufunguo wa choo cha wenyeji uliokuwa ukiuomba mapema na kuufunga kwenye pindo la kanga tukienda ugenini. "Shangazi yangu," nikamjibu.

Walinipima damu, halafu wakaniingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia kooni. Usiogope, wanakupa dawa ya kukutuliza, na ukizinduka ni koo tu linakwaruza. Wakakuta ugonjwa unaoitwa siliaki. Si mdudu wala haumwambukizi mtu. Ni mwili wenyewe unaoiona ngano kama adui, na katika vita hivyo unauharibu utumbo. Unakumbuka vile vidole vidogo ndani ya utumbo nilivyokuonyesha kwenye daftari langu la kidato cha pili? Vyangu vilikuwa vimelala. Wewe fundi utanielewa: utumbo mzima ni kama mahameli, wangu ulikuwa mahameli iliyofutika manyoya. Chakula kinapita juu yake bila kushika, ndiyo maana mtu anakula na anakonda, damu inapungua, kichwa kinazunguka. Daktari alisema huku kwetu hawauoni mara nyingi, labda kwa sababu hawautafuti mara nyingi. Dawa yake ni moja, kuacha ngano na shayiri maisha yote. Manyoya yanaota tena!

Mume wangu alinyanyua mkono kama mwanafunzi. "Daktari," akasema, "mimi ni mwoka mikate."

Daktari akavua miwani, akamtazama, akatutazama sote wawili. "Basi utajifunza kuoka upya," akasema.

Tulipofika mlangoni kwetu mume wangu akasimama, akatazama mikono yake. "Miezi mitatu nakulisha sumu kwa mikono hii."

"Umenilisha mapenzi," nikamwambia. "Bahati mbaya ulitia ngano."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa nguoni mwa mume wangu! Sasa nguo za kazi na viatu vinabaki chini. Anaoga hukohuko, ananawa mpaka nyusi, ndipo anapanda. Mzee wa tanuri anamtania, "Huyu kila siku bwana harusi, kila siku anaogeshwa," naye anamjibu, "Wivu tu, mzee, wewe ulioga lini?" Jikoni kwetu huku juu hakuingii punje ya unga wa ngano. Na amejifunza kuoka mkate wa unga wa mchele na muhogo, kwenye bati lake peke yake. Wa kwanza ulikuwa tofali, tukautumia kuzuia mlango. Wa pili ulibomoka kama ukuta wa mchanga. Wa sita, Shangazi, uliumuka! Aliupandisha ngazi anakimbia. Athubutu mtu mwingine kuumega ule mkate kabla yangu, aone!

Sasa nakuja kwako, na hapa nakuomba radhi.

Hukuja harusini kwangu. Uliishona nguo yangu kila mshono, ukaituma, mwenyewe hukuja, na mimi nilinuna. Watu waliposema "Shangazi mtu ana maringo," sikukutetea. Juzi ndipo uliponiambia kwamba uliogopa saa kumi na mbili za basi lisilo na choo. Uliogopa kuniaibisha mbele ya wakwe. Nisamehe. Mimi mwenyewe nilishatoka mbio katikati ya maneno ya baba mkwe, nikamwacha mdomo wazi na kikombe mkononi, kwa hiyo sasa najua aibu hiyo ina uzito gani. Umeibeba miaka ishirini peke yako.

Umeniambia pia umechoka kupimwa, kwamba ni vidonda tu na utakaa navyo mpaka Mungu apende. Na ukasema, kama jambo dogo, kwamba gauni lako la kijani umelipunguza kwa mara ya tatu. Shangazi, neno hilo limenikosesha raha kuliko yote. Mimi si daktari na sisemi unao ugonjwa wangu. Huenda kweli ni vidonda, huenda ni kingine. Lakini daktari wangu anasema siliaki hutembea kwenye damu ya ukoo, na kizunguzungu na kukonda visiachwe vikae. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Usingoje kilio kikuumbue.

Nimeambatanisha karatasi ambayo daktari ameiandika kwa mkono wake, yenye jina la kipimo cha damu. Huna haja ya kueleza habari za choo mbele ya foleni. Mpe tu daktari wa huko hiyo karatasi. Kama damu itasema hapana, tutatafuta kingine, lakini tutatafuta wawili.

Baba naye ametakiwa apime. Anajitapa kwamba ana tumbo la chuma, sasa wewe dada yake mkubwa mwamrishe, mimi haniogopi. Nisalimie mafundi wenzako, hasa yule mshona kola anayeimba. Msalimie jirani yako mwenye kuku, na wale pacha wa kaka waambie zawadi zao zipo. Mama mkwe anakusalimu sana. Anasema anayeshona na anayefuma ni ndugu. Mungu akupe usingizi usiokatizwa, na chakula chako kikae mwilini.

Sisi tunakuja. Hamira ameshaomba ruhusa, na kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako, mimi nikushike mkono kwenye foleni, yeye abebe bati lake. Mkate wake wa mchele hatauumega mpaka damu yako iwe imeshatolewa, nimemwapisha. Nakuomba jambo moja tu mpaka siku hiyo: lile gauni la kijani usilipunguze tena, na kitambaa cha ziada ndani ya mshono usikikate. Kiache. Nataka siku moja tukae wawili kwenye cherehani yako, tuufumue mshono ule, tulipanue.

Ni mimi, mwanao wa kufunzwa na wewe kutunga uzi, nikupendaye kuliko barua inavyotosha,

Kishikizo chako