Hodi kwa Mguu Usiokuwapo

Hospitalini, Arua

Mama yangu mpenzi,

Usinikasirikie kwa kukaa kimya hivi. Kila nikishika kalamu mtoto analia, naiacha. Kifua chako kimepoa? Na Baba, bado anabishana na redio yake? Sisi tuko, ila kutulia hakuna. Hata sasa naandika nimesimama, Amina mgongoni.

Kidonda cha Baba Amina kimepona vizuri. Lakini Mama, ule mguu waliokata ndio unamuuma. Anashika shuka mahali pasipo kitu, anasema vidole vinaungua. Akawa anamwomba daktari akate tena, juu zaidi. Nikamwambia, "Utakatwa mpaka wapi? Mpaka shingo?"

Basi nesi Candiru akaleta kisanduku kidogo chenye waya mbili. Akasema, "Baba Amina, leo tunakuwekea stima kidogo."

Mama! Mkwe wako alikuwa jeshini, unajua kule stima, huo umeme, ilikuwa ya kuwatesa watu wataje majina. Aliruka na mguu wake mmoja mpaka ukutani: "Mimi sina jina ya kutaja! Hakuna mutu najua!" Wodi nzima ikacheka. Mimi sikuweza.

Nesi akaweka kisanduku chini, akaketi kitandani. Akasema kichwa cha mtu kinajitengenezea dawa yake, kali kama ile sindano ya maumivu waliyompa alipokatwa. Ng'ambo madaktari wengine wanaingiza waya ndani ya ubongo wenyewe ili kuiamsha. Hapa wanagusa ngozi tu. "Dawa iko ndani, mlango umefungwa. Hii si stima ya kambini. Hii ni hodi."

Baba Amina akamtazama sana. Kisha akanyoosha kile kipande cha mguu, akasema, "Basi, karibu."

Mchana ule alikoroma, Mama. Haiponyi, nisikudanganye, waya zikitoka, baadaye uchungu unarudi. Lakini kabla haujarudi, anambeba mtoto, nami nakaa.

Sasa kisanduku kimenyamaza. Betri imekwisha, madukani hapa nimezunguka na mtoto mgongoni, hakuna. Naye ameanza tena maneno ya kukatwa.

Nisalimie shangazi muuza samaki, na mdogo wangu asiache shule.

Mpe mjomba dereva aniletee unga wa muhogo, simsim ya kusaga, sabuni, kanga yangu ile kuukuu ya kumbebea mtoto. Na betri iliyo ndani ya redio ya Baba, ile ya mraba yenye vichwa viwili. Akikataa, mwambie nimesema mimi: habari zinaweza kungoja. Mkwe wake hawezi.

Binti yako,
Mama Amina