Kompyuta ya Wambui na Ile Mota Ndogo

Naivasha,
Jumapili mchana

Mama Wambui, dada yangu,

Pokea salamu za mtu ambaye asipoamka asubuhi, maharusi wa Ulaya wanaingia kanisani mikono mitupu. Ndivyo shamba hili la maua linavyonitegemea. Hata meneja akitaka kukohoa, ananiangalia kwanza. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Molo? Viazi vimetoka? Mimi mwili ni mzima, lakini moyoni, dada, stima imepotea.

Ningepiga simu, ila sauti yangu unaijua. Ungeniuliza kuna nini, nami ningedanganya. Ndiyo maana barua hii naikabidhi dereva wa matatu ya Molo, ikufikie leo leo.

Wambui yuko kwangu wiki hizi za mafunzo, na ile kompyuta mliyomnunulia baada ya kuuza ndama. Anatengeneza kitu cha kufungua madirisha ya nyumba za maua joto likizidi. Mota ndogo ndizo zinavuta, kompyuta inatoa amri tu. Alinieleza kama mwalimu. "Anko, mota ina njaa kubwa," alisema. "Ipe betri yake. Ikinyonya kwa kompyuta, itaiua." Tena akanionyesha kidude chenye mstari mweupe, akasema mota ikizimwa hurusha umeme nyuma kama ng'ombe anayepiga teke, na hicho ndicho kinazuia hilo teke. Nikamjibu kwamba nilifunga mota za pampu kule ziwani kabla wewe hujaolewa, na kiboko mmoja alisimama kuniangalia mpaka nikamaliza.

Jumatano alienda shambani kupima madirisha. Aliporudi, kompyuta ilikuwa imekufa. Haiwaki, na ubavuni inanuka plastiki iliyoungua. Fundi wa mjini ameifungua akatikisa kichwa. Kazi yake yote ilikuwa humo, na walimu wanaitaka Ijumaa hii.

Hakulia. Afadhali angelia. Alikaa sakafuni akafuata nyaya zake kwa kidole, mmoja mmoja, kutoka betri mpaka mota, akitafuta alipokosea. Hakuona kosa, basi akaamua kosa ni yeye. Jana akaniambia, "Anko, hii kazi si ya akili yangu. Niulizie nafasi ya kukata maua." Mimi, ambaye hata kinyozi huniomba nipumzishe mdomo, nikachukua ufagio nikafagia ua uliokuwa safi. Nyumba imekuwa kama ya matanga.

Msalimie shemeji Kamau, na mama yetu. Na mke wa kaka, Njeri, ambaye huombea kila mtu, mwambie zamu hii ni yangu.

Dada, Wambui hakukosea popote. Betri ilikuwa imekwisha, nilikuwa nimeisikilizia redio. Nikakata waya wa chaja ya simu, nikaunga mota moja kwa moja kwa kompyuta, nikaivisha mota mabawa ya plastiki kama feni. Ikazunguka vizuri, kisha mabawa yakakwama kwa mdomo wa kikombe, na moshi ukatoka. Nikarudisha kila waya mahali pake kabla hajafika. Tafadhali mpigie umsomee hii leo, kabla hajaenda kuandikishwa kazi ya kukata maua kesho asubuhi. Akijua, atawaeleza walimu wamwongezee siku. Mimi nimejaribu mara tatu, mdomo umekataa.

Akiuliza nilikuwa natafuta nini, mwambie ukweli. Nilikuwa napoesha uji.

Kaka yako,
Njoroge