Aya Usiyoiandika

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kwako Dada mpendwa,

Pokea salamu zetu sote, nyingi kiasi kwamba nikizihesabu karatasi itaisha. Sisi huku tu wazima, hofu yetu ni juu yako. Je, kile kikohozi kimekuacha? Unakula? Mama anasema ukijibu "nakula" bila kutaja ulichokula, hakuamini.

Kabla sijaendelea, nikiri jambo ambalo kwa hiari yangu sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Nilipomsomea Bibi barua yako ya mwezi uliopita, niliongeza aya. Wewe ulimalizia kwa kulalamika kwamba viatu vinakubana, ukatia sahihi. Mimi nikaendelea kusoma. Nilisoma kwamba unamwomba Bibi aende kliniki ninakofanya kazi, akabandikwe plasta ya maumivu ya mishipa ya fahamu. Hukuandika hivyo. Nakuomba usikunje uso mpaka ufike mwisho.

Unakumbuka Bibi aliugua mkanda wa jeshi ukiwa bado hapa. Vipele vilikauka na makovu yakafifia, lakini maumivu yalibaki ubavuni, upande wa kushoto, kama mgeni asiyejua kuaga. Hukuyaona yalivyozidi baada ya wewe kuondoka. Ilifika mahali nguo ikimgusa tu anaruka. Akawa anavaa lile gauni la Mama lililo pana kama pazia, na bado analivuta kwa mkono lisimguse ubavu. Mimi niliyezoea kumwegemea nikisoma, nikahamia kiti cha dirishani. Daktari alimshauri aje abandikwe plasta, Bibi akakataa. Alisema yeye na maumivu yake wamezoeana kama wake wenza: hawapendani, lakini kila mmoja anajua zamu yake. Mama alimbembeleza mpaka akachoka. Mimi nami nilijaribu mara moja, kwa sauti yangu hii unayoijua, naye akauliza kama kuna mtu amesema kitu au ni mlango.

Kazi yangu bado ni ileile niliyoanza nilipomaliza shule. Naosha trei, naita wagonjwa, nalowesha vitambaa kwenye maji ya baridi. Muuguzi mkuu tunamwita Mama Saa kwa sababu hutembea na saa ya jikoni shingoni, ile inayolia muda ukiisha. Plasta zetu zina dawa inayotokana na pilipili, nayo ni kali kuliko pilipili yoyote ya sokoni. Mama Saa kwanza hugusa ngozi kwa pamba, na mgonjwa akisema "hapo", anachora kwa kalamu, mpaka panapouma panaonekana kama ramani. Kisha anaikata plasta ifuate mchoro, anaibandika na kutega saa: nusu saa kwa nyayo, saa nzima kwa sehemu nyingine. Panawaka kwelikweli. Lakini siku zikipita, ile mishipa iliyokuwa ikipiga kelele bure inachoka, inanyamaza.

Tunavaa glavu za bluu, maana zile nyeupe za mpira pilipili hii inazipenya. Wiki ya kwanza nilisahau, nikavaa nyeupe, kisha nikajikuna pua. Nililia mpaka saa sita. Mzee mmoja aliyekuwa kitandani akadhani namlilia yeye, akanifariji, binti usijali, bado sijafa. Mama Saa alinisafisha kwa jeli huku akisema kwamba wahenga waliouliza pilipili usiyoila yakuwashiaje hawakuwahi kufanya kazi kwenye chumba hiki.

Ana sheria nyingine: anayeshika kitambaa cha baridi ndiye anayezungumza, ili mgonjwa asibaki peke yake na moto. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikinishinda. Mtu mzima amelala anaungua, mimi nimwambie nini? Basi nikawa nawasomea matangazo ya gazeti. Chumba kinapangishwa. Pikipiki inauzwa, haijatumika sana.

Dada, niliwaona watu wakija wamelishika shati lisiwaguse, na baada ya wiki kadhaa wengine wakarudi wamefunga vifungo vyote. Nikirudi nyumbani namkuta Bibi na lile pazia. Nilijua kwamba neno la mjukuu wake wa kwanza halipingwi. Barua yako ilikuwa mkononi mwangu na karatasi ilikuwa imeisha. Basi nikaendelea tu.

Alikuja Jumanne, wiki mbili zilizopita, akimwambia kila aliyekutana naye mlangoni kwamba ameitikia ombi la mjukuu wake mkubwa. Kwenye ile aya nilisema plasta, sikutaja pilipili. Mama Saa hafichi kitu. Alimweleza yote: kwamba ni pilipili, kwamba itawaka, kwamba presha inaweza kupanda, kwamba huenda ikasaidia na huenda isisaidie, na kwamba akitaka kwenda zake hakuna atakayemlaumu. Bibi akageuka kunitazama. Mimi nikaitazama trei. Nilijua akiinuka pale hatarudi tena, na kosa litakuwa langu. Akamgeukia Mama Saa, akauliza kama watamtia na chumvi na limau, ama atapikwa hivihivi. Akapanda kitandani.

Dakika ya ishirini moto ulianza kumkolea. Alinikamata mkono nikahisi mifupa. Nikafungua gazeti, akasema yeye hanunui pikipiki. Anataka barua yako. Alikuwa nayo kwenye mkoba wake, imekunjwa mara nne.

Nikasoma. Unajua mwandiko wako, Dada, na usichukie: ni kama kuku amepita akitafuta punje. Nikakwama pale pote ninapokwamaga, nikafika kwenye viatu, nikafika kwenye sahihi. Nikanyamaza nikidhani amesinzia. Akasema, "Endelea."

Mama Saa alikuwa nyuma yangu akipima presha, anaiona karatasi ilivyoishia. Nikaendelea. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimesahau nilivyosema mara ya kwanza. Nikatunga upya, nikamsihi kwa niaba yako, na kwa woga nikaongeza kwamba unawasalimu majirani wote. Bibi akiwa amefumba macho akasema kwamba mara ya kwanza majirani hawakuwemo.

Nililia, Dada. Nikamwambia Mama Saa ni pilipili. Akazitazama glavu zangu za bluu, akauliza hiyo pilipili imepitia wapi.

Bibi alisema alijua tangu siku ile ile nyumbani. Maneno yako mimi huyasoma kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe, nasimama, napima, naruka. Ile aya niliteremka nayo kama maji. Akasema, "Mwandiko wa dada yako haujawahi kuwa mzuri hivyo." Nikamuuliza, ikiwa alijua, mbona alikuja? Akajibu kwamba mtoto anayeona haya kuomba chumvi mezani, akifikia kumtungia yeye uongo, basi huo ubavu unamuuma huyo mtoto kuliko mwenyewe. Kisha akanigombeza. Siku nyingine nikiwa na neno nilipeleke kwa mdomo wangu mwenyewe, maana wa dada yangu una kazi zake. Na nianze na wewe. Ndiyo maana nakuandikia. Nisamehe kwa kukutia maneno kinywani.

Saa ikalia. Mama Saa akaibandua plasta polepole akiikunja kwa ndani isirushe vumbi, akampaka jeli, akampangusa. Siku mbili za kwanza zilikuwa ngumu, Bibi akasema wake wenza wameshikana nywele. Kisha pakatulia kidogo kidogo. Hajapona kabisa, nisikudanganye mara ya pili. Anasema yamebaki kama nusu, na huenda baada ya miezi mitatu akabandikwa tena. Lakini Ijumaa alivaa gauni lake mwenyewe, lile la vifungo, na lile pazia akamrudishia Mama. Jana nilikuwa dirishani nasoma, akaniita nitoke huko. Akanionyesha upande wa kushoto. Nikaegemea kwa woga. Alizuia pumzi, nami nikazuia yangu, kisha akaiachia, akasema kichwa changu kimekuwa kizito, kumbe shule ilifanya kazi.

Na Alhamisi, Dada, nilimshikia mgonjwa kitambaa bila gazeti. Nilimsimulia habari zako na viatu vyako. Alicheka mpaka Mama Saa akatuambia tusiitikise plasta.

Sasa ombi langu. Mama hajui. Anawatangazia watu kwamba ni wewe uliyemshawishi Bibi kutoka huko mbali, na amefurahi mno kwamba hujatusahau. Bibi anasema tusimnyang'anye furaha hiyo. Basi atakapokushukuru, na atakushukuru kurasa tatu, pokea tu, wala usiulize aya gani. Siri hii ibaki kwako, kwangu na kwa Bibi. Mama Saa yeye hana shida, ulimi wake hauna nafasi, unahesabu dakika.

Bibi anakusalimu, Mama anakusalimu na kukuuliza tena umekula nini. Majirani nao wanakusalimu, safari hii kweli. Vaa viatu vya kukutosha. Na tafadhali usiutengeneze mwandiko wako. Bibi anasema ndio muhuri wako, akinisikia nimekwama anajua ni wewe unayesema.

Mdogo wako akupendaye,
Kimya