Chumvi ya Mchuzi wa Pweza

Jumanne, baada ya isha

Nshakwenda usaili mara tatu mwezi huu, lakini leo ndiyo mara ya kwanza kulishwa. Bi Salha, mwenye mkahawa karibu na Forodhani, aliniwekea sahani ya mchuzi wa pweza, akasema, "Kula, kisha nambie kasoro yake."

Chumvi ilizidi, hata mtoto angejua. Lakini Mama kanilea kwamba chakula cha mtu hakitiwi ila. Nikala mpaka mwisho, nikasema, "Alhamdulillahi, mtamu."

Bi Salha akavua miwani. "Mwanangu, mie natafuta meneja, sitafuti mgeni."

Nikajua kazi ndiyo imekwenda. Hasira zilinipanda, lakini za kujikasirikia mwenyewe. Hata hivyo sikuweza kuondoka bila kumshukuru aliyepika. Nikaingia jikoni, nikamwamkia mpishi, mtu mzima, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mchuzi mzuri, baba, lakini leo chumvi imezidi kidogo. Ukiongeza tui utakaa sawa."

Akaonja, akacheka. "Kweli, binti yangu."

Kugeuka, Bi Salha yuko mlangoni. "Kumbe kusema unajua!"

"Najua, Bi Salha. Lakini si mezani."

Nnaanza Jumamosi, kwa majaribio. Naogopa. Sijawahi kuongoza watu kumi, na yule mpishi ni sawa na baba yangu...

Mama kafurahi mpaka kalia, kisha kanipikia samaki wa kupaka. Kwa furaha yake, chumvi kaitia mara mbili.

Nimekula yote, nikaomba tena.