Piano ya Wanjiru Kanisani

Dada Njoki,

Nyeri ni baridi ya kuuma mifupa, na mlima haujaonekana tangu nifike. Jana tulimzika yule mama Mzungu aliyemfundisha binamu yetu Wanjiru piano. Wazungu wenzake walishauza mashamba wakarudi kwao. Kanisani, kabla ya kwenda kaburini, Wanjiru alimpigia marehemu muziki wa Kizungu kwa mtindo wa kale, mkono wa kushoto ukitangulia, wa kulia ukichelewa kidogo.

"Maskini, anatetemeka kwa uchungu," tukanong'ona.

Pasta akamshika bega. "Imetosha, mama. Pumzika."

Baadaye, tukinywa chai nje, Wanjiru akaniambia, "Sikuwa natetemeka. Ndivyo alinifundisha, ndivyo alifundishwa akiwa msichana."

Wa kusema amepiga sawa alikuwa mmoja tu, na tulikuwa tumeshamfukia.

Nisalimie Mama. Mfunike blanketi vizuri.

Kaka yako,
Muriuki