Tulivyomsindikiza Destin kwa Tridents

Jumanne, 3 Juni

Destin ameuzwa! Hapana, si kuuzwa. Ronnie anasema amebadilishwa. Na nani? Na kipa mmoja wa Tridents, wapinzani wetu, pamoja na kijana mwingine ambaye hata Ronnie hamjui jina. Miaka kumi na moja mtu anavaa jezi ya Cockatoos, namba kumi na saba mgongoni, halafu anarudishwa dukani kama kiatu kilichobana.

Habari ilinikuta kazini, kwenye nyumba ya wazee, Liverpool hii ya huku, si ile ya mpira, nikimlisha uji mzee wangu wa chumba cha mwisho. Simu ikatetemeka mfukoni mpaka nikadhani kuna msiba nyumbani Kericho. Kufungua grupu letu la mashabiki — Safu ya Nne — vilio vitupu. Concilie kabandika Zaburi nzima. Ronnie, mwenyekiti wetu kwa kujichagua, kaandika tutulie tusubiri taarifa rasmi. Tutulie vipi?

Sielewi kabisa. Mimi hoki niliyoijua ni ya nyasi, ya shule. Huu mchezo wa barafu niliufuata kwa ajili ya Mama Destin tu. Alikuwa hana wa kukaa naye kwenye ile baridi, na Kiingereza kinampiga chenga, basi nikaenda kumwambia refa kasema nini. Nikaendelea kwenda. Leo mimi ndiye huanzisha nyimbo, safu nzima inapokea. Na Vanessa wangu ni kipa wa timu ya watoto ya klabu hiyohiyo. Jumamosi tutamwimbia nani sasa?

Jumatano, 4 Juni

Nimepitia Granville kwa Mama Destin. Viatu vimejaa mlangoni kama kuna matanga. Yeye kaketi sakafuni! Nikamwambia, Mama Destin, mtu hajafa. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha Bukavu.

"Bamemutupa mutoto yangu, Mama Vanessa. Alikosea nini? Kama alikosea, baniite miye mama yake, baniambie."

Nikaenda jikoni kuosha vikombe.

Destin mwenyewe hayupo, simu hashiki. Concilie anaapa ni ubaguzi. Ronnie anasema ni mambo ya timu tu, wachezaji huhama dunia nzima. Mwingine anasema ni goti. Kila mtu ana sababu yake na hataki kusikia ya mwenzake. Kwenye gari Vanessa kanijibu, macho kwenye simu: "It's just a trade, Mum. It happens." Eti just! Destin ndiye aliyemfundisha huyu mtoto kusimama kwenye barafu.

Ijumaa, 6 Juni

Taarifa rasmi imetoka. Mistari mitatu. Wanamshukuru, wanamtakia heri, "pande zote zimekubaliana". Pande zipi? Sisi hatukuulizwa. Mama Destin hakuulizwa. Nimeisoma tena na tena, ni maneno tu.

Nikiwa nasukuma toroli ya dawa wazo likanijia. Kwetu mchungaji akihamishwa, haendi peke yake kama mwizi. Kanisa lake la zamani linamsindikiza. Magari, nyimbo, blanketi, sufuria, kuku. Mnafika kwa wenyeji wapya, mnamkabidhi mkono kwa mkono, mnasema huyu tumekuwa naye na hatuna ubaya naye. Wao wanampokea. Kisha mnarudi kanisani kwenu. Hata kama mlilia usiku kucha, heshima inabaki.

Nikampigia Mama Destin. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema hata kwao Bukavu padri husindikizwa hivyohivyo. Sauti yake ilikuwa imerudi kidogo.

Jumatatu, 9 Juni

Sikukuu, hakuna kazi. Tumeenda!

Basi dogo la kanisa, na magari nyuma. Vitenge juu ya majaketi, maana baridi ya Juni haina adabu. Tukavuka daraja kwenda kaskazini, uwanjani kwa Tridents, tukiimba. Blanketi jipya. Sufuria kubwa. Kuku tulimkosa aliye hai — ungempata wapi, na ungempandishaje basi? — kwa hiyo Concilie akaleta wa kwenye friza, kamfunga utepe.

Tridents walikuwa wakitoka mazoezini. Wakasimama mlangoni, magongo begani, wakitutazama. Meneja wao, mzungu mrefu mwenye filimbi shingoni, akakimbilia kwa Ronnie na kuuliza kama tumekuja kuandamana. Ronnie akasema hapana, tumemleta Destin. Yule akasema lakini Destin yuko ndani, alikuja mwenyewe asubuhi. Ronnie akasema ndiyo, lakini hajaletwa.

Uso wa yule mtu! Mpaka sasa sijui alielewa nini. Lakini kuku alimpokea kwa mikono miwili, hilo nitamsifu.

Wakamwita Destin. Mama yake akamshika mkono, akauweka ndani ya mkono wa meneja, akasema kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kwamba mtoto huyu anawapa akiwa mzima na anataka kumkuta mzima. Mimi nikatafsiri. Nikaanzisha wimbo, watu wakapokea. Nililia, sioni haya. Wachezaji wawili watatu wakapiga makofi nje ya mdundo. Mmoja alikuwa anarekodi.

Destin tu ndiye sikumwelewa. Alitazama viatu vyake muda wote. Ronnie alipoanza sala, kabla hata ya amina, akasema "Thanks everyone, asanteni," akaingia ndani.

Nikasema ni uchungu. Mwanamume akitaka kulia hutafuta mlango.

Jumanne, 10 Juni

Balaa. Ile video imesambaa. Juu yake wameandika kwamba mashabiki wa Cockatoos wamehamia kwa Tridents, na kuku wao. Watu ambao tumekaa nao kwenye safu moja miaka yote wanatuita wasaliti. Kocha wa watoto kamuuliza Vanessa kama naye anahama. Kaja nyumbani macho mekundu, kajifungia chumbani.

Ronnie kanipigia. "Chebet, idea ilikuwa yako. Sasa Cockatoos wananiuliza kama tumehama, niwaambie nini?"

Waambie tumesindikiza! Anayemsindikiza mchungaji si anarudi kanisani kwake? Wewe Ronnie ni mtoto wa shemasi, hili hulijui? Akasema, wao hawajui. Nikasema basi wafundishwe. Akakata simu.

La ajabu zaidi ni Mama Destin. Nilimpigia anifariji, nikamkuta ameridhika. Eti vizuri, Cockatoos waone aibu. Yeye kule harudi tena. Nilidhani tumeenda kumaliza mambo kwa amani, kumbe mwenzangu alikwenda kufunga mlango nyuma yetu! Tulikuwa kwenye basi moja, tukiimba wimbo mmoja.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika kabla hata ya kuvua sare ya kazi.

Natoka kazini saa tisa alasiri, nakuta Destin ameegemea gari langu. Kavaa kofia imemfunika nusu ya uso. Nikafurahi, nikamkumbatia. Akaomba tukae ndani ya gari.

"Auntie, ni mimi. Mimi ndiye niliomba kuhama. Since last year. They kept saying no."

Nikamwambia aseme tena. Akasema tena.

Nikauliza walimkosea nini. Hakuna. Kocha ni kama baba kwake. Basi ni nini? Akaanza kukwangua usukani mbele yangu — alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, sijui tulikaaje hivyo — na maneno yakamtoka nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Kwamba akikosa goli anasikia safu nzima inashusha pumzi kama mtu amekata roho. Kwamba mama yake hufunga kula kabla ya kila mechi, na akishindwa anaona amemshindisha mama njaa bure. Kwamba kanisani watu wanamuombea goti kwa jina. "I'm twenty-nine, Auntie. I just wanted one place where nobody knows my mum. Then you guys came with the chicken."

Akacheka. Nami nikacheka, kuku yule na utepe wake! Halafu nikaona anafuta macho, na kicheko kikaniishia.

Akasema, tafadhali nisimwambie mama. Ataona kamkimbia yeye.

Na si ndivyo? Sikusema. Nikaahidi. Mdomo huu wangu, haujawahi kunisubiri.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemkasirikia mchana kutwa. Nguo nimezikunja kwa hasira mpaka mzee wangu kaniuliza kama kuna mtu kanitukana. Ndiyo, kuna mtu! Miaka kumi na moja nimeimba mpaka sauti inakwaruza, nikidhani namtia nguvu. Kumbe nilikuwa namlemea. Alinikimbia na mimi pia, si mama yake peke yake.

Jioni hasira ikapoa, nikabaki na huzuni tu. Mtoto wa watu, hakujua aseme nini na kwa nani. Tungemsikia vipi, na zile kelele zetu?

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada Mama Destin kanivuta pembeni. Anataka nimwondoe Vanessa kwenye klabu.

"Kama unanipenda, utoshe mutoto pale. Beko bantu babaya. Leo ni wangu, kesho ni wako."

Nikasema Vanessa anapenda kucheza. Akasema Destin naye alipenda.

Ninayo sentensi moja tu mdomoni. Nikiisema, Vanessa anabaki, Cockatoos wanasafishwa jina, na wale wanaonitukana mtandaoni wananyamaza. Na rafiki yangu anajua kuwa mwanawe alimkimbia. Nisipoisema, nimtoe mwanangu kwa kosa ambalo hakuna aliyelifanya. Nikamwambia nitafikiri. Akaniambia, kufikiri nini tena, Mama Vanessa? Akaondoka bila kunipa mkono. Miaka yote hii hajawahi kuondoka hivyo.

Jumatano, 18 Juni

Vanessa hali chakula. Anauliza swali moja: "Am I playing or not?" Namjibu ngoja. Anasema kila mtu anamwambia ngoja na hakuna anayemwambia sababu. Ana haki.

Nimempigia Destin. Nimemwambia aseme mwenyewe kwa mama yake, na upesi. Akasema baada ya mechi. Jumamosi Cockatoos wanacheza na Tridents, hapa kwetu. Baada ya mechi, Auntie, I promise.

Kisha Mama Destin mwenyewe kanipigia: Jumamosi atakuja. Hatakaa upande wowote. Anataka kumuuliza kocha wa Cockatoos uso kwa uso, na mimi nitafsiri, kama ninavyomtafsiria benki na kliniki. Nikamwomba asubiri mechi iishe. Akasema amesubiri vya kutosha.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika kwenye simu, nimejifungia chooni uwanjani. Mapumziko ya kwanza.

Safu ya nne nusu tupu. Concilie na watu wake wamekaa ng'ambo, kwa Tridents. Ronnie kasimama kwenye ngazi, hajui aende wapi, kashika chipsi zinapoa. Mama Destin kavaa kitenge, hana jezi ya mtu. Mimi na Vanessa katikati. Hakuna aliyeimba. Watu walikuwa wananigeukia, wengine kwa chuki, wengine wakingoja nianzishe. Sikuanzisha.

Destin alikosa goli la wazi. Kipa kashalala chini, yeye kakipiga kile kisahani chao cha badala ya mpira, kikagonga mwamba. Na sisi kimya! Hata pumzi haikushuka. Akainua macho kwenye safu yetu, akatazama muda, halafu akaondoka akiteleza, mgongo umelegea kama mtu aliyetua mzigo. Amecheza vizuri ajabu tangu hapo. Mama yake kaniambia, unaona, ana huzuni, hana nguvu.

Kengele ilipolia tu kanishika mkono. Nikamwambia baadaye. Nikamwambia kocha ana kazi. Hakunisikia. Tukamkuta kwenye ujia, karibu na chumba cha kubadilishia nguo. Mama Destin kasimama mbele yake, mdogo hivi, kamwuliza kwa Kiswahili, taratibu, kwa nini alimtupa mtoto wake. Nikatafsiri. Sikupunguza wala sikuongeza, sijui kwa nini, mazoea tu.

Kocha kakunja uso. Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa anataka kulia mzee wa watu. Akasema, "Tell her we didn't want to lose him. We begged him to stay. He asked to go." Mtu akamwita, naye kocha akamgusa Mama Destin begani, akaingia ndani.

"Anasema nini?"

Nikasema ngoja niende chooni kwanza. Hivyo tu! Mtu mzima, nimekimbilia chooni kama mtoto wa shule.

Ningeweza kumwambia kocha kasema samahani. Ningeweza kusema kasema ni goti. Destin yuko upande wa pili wa ukuta huu na kaahidi baada ya mechi. Lakini mama yake amesimama hapa nje, naviona viatu vyake chini ya mlango. Hajasogea. Kengele ya kipindi cha pili imelia na hajasogea.

Anagonga. Si kwa nguvu.

"Mama Vanessa. Hiyo 'asked' minaisikia. Fungula mulango. Aliomba nini?"