Waya Nilioufunga Maporomokoni

Kisangani, Jumapili

Papa yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na Mama na wote walio uani. Goti lako linaendeleaje baada ya zile mvua? Mama bado anakohoa asubuhi? Na mpunga wa bondeni, umefika ghalani, au mwaka huu tena mmegawana na ndege? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nasali, nasoma. Ila situlii. Barua hii nimeianza mezani, nikahamia kizingitini, na sasa naandika nimesimama, karatasi juu ya dirisha, maana nikikaa miguu inataka kuondoka.

Utauliza kwa nini barua, wakati simu zipo. Papa, simu yako ukiipokea ua mzima unasikiliza. Haya ni yako kwanza. Jirani yangu anakuja Kindu kwenye matanga ya shangazi yake, naye ameahidi kukupa mkononi.

Kaka Ramazani aliniambia umesikitika, kwamba umesikia nimeacha masomo ya ujenzi na ninashinda na wavuvi. Sikuacha. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi huchagua ujenzi mmoja wa zamani na kuchunguza ulisimamishwaje na kwa nini haujaanguka. Wenzangu walichukua nyumba za matofali zilizoachwa na Wabelgiji kando ya mto. Mimi nilichagua mitego ya Wagenia.

Hujaiona kwa macho, kwa hiyo nikueleze. Pale mto unaposhuka juu ya mawe, wamesimamisha magogo katikati ya maji yenyewe. Kila gogo limetiwa mguu katika shimo la mwamba na kukazwa kwa mawe, na magogo matatu yanaegemeana vichwa. Juu yake inalazwa miti mingine, na hapo vinaning'inizwa vikapu vikubwa, vyenye midomo mipana ya kumeza samaki wanaosukumwa na maji. Hakuna msumari hata mmoja. Kila kiungo kimefungwa kwa kamba za mimea itambaayo ya msituni. Miti inabadilishwa, kamba zinabadilishwa, lakini namna ya kujenga ni ileile ya mababu zao.

Siku ya kwanza nilifika na futi yangu na daftari. Mkuu wa mitego ile, Tonton Augustin, mjomba wa wote pale, mtu wa miaka kama hamsini, mwenye maneno machache, alinitazama nikihangaika juu ya mwamba.

"Unapima nini, mama?"

"Urefu wa miti, tonton."

"Leo maji iko hapa, kesho iko pale. Utapima mara ngapi?"

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Mwisho wakanizoea, wakawa wananibebesha kamba. Mdogo wake, Jean-Marie, baba wa wasichana wawili, ndiye aliyekuwa anajibu maswali yangu yote huku akicheka.

Bon, sasa nifike pale panaponiuma.

Msimu huu kamba zimekuwa haba. Mashamba yameula msitu wa karibu, na mtu anatembea siku nzima kuelekea Masako ndipo arudi na mzigo mmoja. Nikafikiri, kwa nini wasitumie waya? Nikakaa na hesabu zangu. Nilipima unene wa mti, nikapima nguvu ya maji kadiri nilivyofundishwa, nikarudia mara tatu. Kila mara hesabu ilinipa jibu moja: waya una nguvu kuliko kamba. Nilimwambia Tonton Augustin, akatikisa kichwa tu. Kisha akapanda mtumbwi wa mota kwenda Yangambi kumzika mkwe wake.

Alipoondoka, nilimwendea Jean-Marie.

"Grand-frère anapenda kamba sababu baba alipenda kamba," akasema juu ya kaka yake. "Alors, tujaribu moja tu."

Tulifunga mtego mmoja kwa waya, mimi na yeye. Mimi mwenyewe ndiye niliyekaza kwa koleo. Siku mbili ulisimama wima kuliko yote, hautikisiki, nami nikaupiga picha nikijivuna.

Siku ya tatu asubuhi maji yalikuwa yamepanda, mvua ilikuwa imenyesha huko juu, kwenu. Jean-Marie alipanda kuinua kikapu. Nilisikia sauti kavu, kama mtu anavunja kuni gotini. Waya haukukatika, Papa. Mti ndio uliokatika, palepale waya ulipouuma. Alianguka kati ya mawe na maji yakamchukua. Wenzake wawili waliokuwa kwenye mtego wa chini walimdaka kwa shati alipopita. Mkono ulivunjika mahali pawili, na juu ya jicho palipasuka.

Mimi nilisimama. Sikupiga kelele, sikukimbia. Kalamu ilikuwa bado mkononi.

Hospitali nilimkuta mkewe, Odette, ameleta lituma, ndizi za kupondwa, na samaki. Nilimwambia, "Ni mimi nilifunga ile waya." Aliendelea kupakua.

"Najua. Ameshasema."

Nilingoja anifukuze. Akaninyooshea sahani. "Shika, umulishe. Mukono yake haiwezi. Mie naenda kutafuta maji."

Basi nikamlisha, tonge baada ya tonge, kama mtoto. Katikati ya kutafuna akaniambia, "Watu watasema nilianguka sababu ya pombe. Wewe unaandika. Andika vile ilikuwa."

Nikamwahidi.

Tonton Augustin alirudi siku iliyofuata. Alitoka kwenye mtumbwi akaja moja kwa moja maporomokoni, nguo za msiba bado mwilini. Aliutoa ule waya kwenye mti uliovunjika, akaukunja taratibu, akaniwekea mkononi.

"Kamba inachoka kwanza, mbele ya muti," akasema. "Ni vizuri vile. Kamba ikichoka, tunaona, tunabadilisha. Muti ikivunjika, mutu anakufa."

Papa, niliambiwa kwa pumzi moja jambo ambalo kurasa zangu zote hazikuwa nalo. Kamba ya msituni inavutika kidogo, inaacha mti ucheze na maji, na ikizidiwa inalegea mbele ya macho ya watu. Waya hausamehe. Unakaza na kukaza mpaka unakula mti, na hakuna anayejua mpaka mti uvunjike. Wale waliojenga zamani hawakuwa wamekosa kitu chenye nguvu zaidi. Walichagua kitu gani kiharibike kwanza.

Nilidhani ndiyo mwisho wangu pale. Akaongeza, "Kesho asubuhi tunasimamisha ingine. Ukuje na mikono. Daftari iache."

Nilikwenda. Siku nne nimeloweka kamba, nimebeba mawe, viganja vimechubuka. Wakati wa kufunga aliingiza kidole chake kati ya kamba na mti, akanifanya nami niingize changu, nijue nafasi inayotakiwa. Hakunitajia Jean-Marie hata mara moja, wala hakuniambia amenisamehe. Nafanya kazi karibu naye bila kujua.

Mwalimu wangu alisoma sura ya ajali na kuniambia niiondoe. "Hii ni kazi ya ujenzi, Aziza, si maungamo." Nilimwambia nimeahidi. Akasema basi nitaijibia mwenyewe mbele ya walimu wote. Nimeipeleka kama ilivyo, na Alhamisi wataniuliza. Jean-Marie amesema atakuja kukaa ukumbini, na mkono wake kwenye bandeji.

Lakini si Alhamisi inayoninyima utulivu. Ni wewe.

Mwaka jana, siku ya kuondoka kwangu kurudi chuoni, uliniomba niache ujenzi nisome kitu kingine. Nami nikakujibu mbele ya Mama kwamba wewe uliacha ufundi kwa sababu hukupima, na kama ungepima, Mama Zaina hangeanguka na daraja ulilolijenga, angekuwa hai. Ulichukua kofia yako ukaenda shambani. Hatukuagana. Tangu hapo katika simu tunaongea mvua na afya.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi daraja lile lilipoanguka. Nyumbani tulikatazwa kulitaja. Nilikua nikiamini kwamba anayenyamaza ana kosa analolificha. Sasa nimekaa kando ya kitanda cha mtu niliyemvunja mkono, na nikaona jinsi maneno yanavyokataa kutoka. Nilipima, Papa. Nilipima mara tatu. Mtu anaweza kupima na mti ukavunjika.

Nisamehe kwa lile neno. Nalifuta mbele ya Mama, kama nilivyolisema mbele yake. Mpe barua hii asome.

Na ukiweza, niandikie. Daraja ulilifunga kwa kitu gani? Miti ilitoka wapi? Siulizi ili nikuhukumu. Nauliza kwa sababu hakuna fundi mwingine ninayeweza kumuuliza, na nadhani hakuna aliyewahi kukuuliza. Kama bado ni vigumu, usiandike. Mwambie jirani yangu tu kwamba umeisoma mpaka chini.

Msalimie Mama, na umwambie mafuta ya mawese aliyonitumia yalifika bila kumwagika. Salamu kwa Kaka Ramazani na cherehani yake. Kwa Shangazi muuza mchele, apunguze kusema. Kwa Bibi, aniombee dua ya Alhamisi.

Na yule fundi viatu, mume wa marehemu Mama Zaina. Tangu utotoni nikimwona nilikuwa nahamia upande wa pili wa njia. Nikija likizo nitapita kwake nimsalimie, nikae, nisikilize atakachosema. Kama goti lako litakubali, Papa, twende wote wawili.

Mimi binti yako,
Aziza